Kurasa Tisa Hazikupita

Mtoni, Temeke
2 Juni 2025

Kwa mwanangu Muhsin, huko Dodoma,

Salamu zangu zipokee ukiwa umekaa, maana ni nyingi na mie kuzifupisha sijui. Nipo. Goti la kushoto linasumbua, la kulia limenyamaza. Anayeandika hapa ni Auleria, mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule Mngoni anayechapa makaratasi pale steshenari. Nimemwambia aandike kila neno linalonitoka, asipunguze, maana mara ya mwisho niliandikiwa na Mashaka, mtoto wa jirani, akaifupisha barua ikatoka kama risiti ya luku.

Simu mie na wewe hatuelewani, unajua. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki, na wewe unasema uko kwenye kikao. Sasa ulivyotutengenezea huo ukurasa wa familia kwenye mtandao, mtu aandike kwa mkono, apige picha, atume, barua ikae humo kwenye sanduku la aliyeandikiwa, mwingine asiifungue, mpaka wajukuu waje waisome, nikasema haya, hapo mwanangu kanifikiria. Auleria anaandika kwenye daftari, maandishi makubwa kama ya ubaoni. Akimaliza anazipiga picha kurasa zote, anazituma kwa mkupuo mmoja.

Neno lenyewe ni hili. Mkeo Alya anajifungua mwezi wa saba. Mama yake kafa, kwao Tanga hakuna mtu wa kumkanda. Kwa hiyo arobaini yake ni yangu. Sikuombi, nakuarifu. Nimeshakamua mafuta ya nazi mwenyewe, nazi nimechagua moja moja, yule muuza nazi wa sokoni kanichukia. Pilipili manga ninayo, habasoda ninayo, mkaja wa kumfunga tumbo nimeukata kwenye doti la kanga ambalo sijalivaa hata siku moja. Nakuja na basi, nashukia stendi, utanipokea.

Sasa nasikia na Shamimu wa Bunju anajipitishapitisha. Shamimu kakuzaa, sawa, nani kakataa. Lakini alikushindwa ukiwa na siku tatu, nikakubeba mie, ukanyonya chupa mikononi mwangu mpaka ukaota meno. Atamkanda mtu kwa mikono ipi? Halafu Idi ile ya juzi nimesikia unamwita Mama. Ulikuwaga unamwita Mama Mdogo. Nikasema labda biriani lilikuwa mdomoni, neno limekatika. Mie sina wivu. Auleria, hilo lipigie mstari. Basi usilipigie, atadhani ninao. Na huyo kuku kaingia ndani tena, mtoe kwanza, halafu tuendelee.

Nilikuwa nasema nini. Enhe, chumba. Usinilaze na mashine zako za kompyuta, zinavuma. Nilaze karibu na Alya, mtoto akilia niwe wa kwanza.

Nijibu upesi nikakate tiketi Mbezi Luis.

Mama yako,
Nunu
(kwa mkono wa Auleria)

*

Mtoni, Temeke
16 Juni 2025

Muhsin,

Wiki mbili kimya. Jana kwenye hitima Kinondoni nimekutana na Mwamvita, jirani yake Shamimu. Kanambia Shamimu kakuandikia na siku ya pili umemjibu. Kasimulia mbele za watu, mie nikiwa na sahani ya pilau mkononi.

Kama unaye wa kumkanda mkeo, mwite huyo. Mie sina haja.

Nunu

*

Dodoma
18 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Ni ya kwanza kuipata kutoka kwako tangu nitengeneze ukurasa ule, na nimeisoma mara tatu nikitafuta salamu, sijaiona.

Mama wa Bunju aliniandikia mistari sita tu, akiuliza hali ya Alya. Nikamjibu, basi. Sikumwambia aje. Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Alya kila siku ananiuliza, "Mama Nunu kasemaje?" Namwambia bado, Mama ana mambo yake, ataandika.

Sasa umeandika huna haja. Mimi siwezi kumlazimisha mama yangu, na daktari kasema Alya asibaki peke yake. Nitamwomba Mama wa Bunju. Nakuomba usione vibaya, maana umesema mwenyewe.

Goti linaendeleaje?

Mwanao,
Muhsin

*

Mtoni, Temeke
20 Juni 2025

Mwanangu Muhsin,

Barua yako Auleria kanisomea uani, nikamwambia asome tena. Nimekaa na maneno hayo siku nzima, chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena.

Unasema ile ndo ya kwanza. Itakuwaje ya kwanza, na mie tarehe mbili nimeongea mpaka koo likakauka? Kurasa nne. Nilikwambia mafuta, nilikwambia mkaja, nilikwambia nilazwe wapi. Auleria alibonyeza mbele yangu. Ile duara ikazunguka, ikazunguka, kioo kikawa cheupe. Nikamuuliza, imekwenda? Akasema imekwenda Mama, hainioneshi tatizo lolote.

Lakini tuyaache, labda hukuiona. Nataka nikwambie hili, na kulisema kwenyewe kunaniuma. Neno la kwamba sina haja halikuwa langu, lilikuwa la lile pilau la Kinondoni. Mwamvita alivyonitazama ungesema mie ndo maiti. Unajua mie nikikasirika naongea kidogo. Baba yako Marijani, Mungu amrehemu, alikuwaga anasema, "Nunu akikutukana ukurasa mzima jua anakupenda, akisema neno moja katafute pa kulala." Sasa wewe umelelewa na mie miaka yote, hilo hukulijua?

Haja ninayo. Andika hivo hivo, Auleria, haja ninayo. Nina haja kuliko hata ya chakula. Sikuzaa, Muhsin. Tumbo langu halikufungwa mkaja na mtu. Kwenye mtaa huu wameniita kuwatia watu mikono, nimekanda mabinti wa watu nane, kila nikimaliza narudi ndani nafunga mlango. Huyu wa kwako ningemkanda kama haki yangu.

Usimwite Shamimu. Mwambie umepata mtu. Mwambie lolote. Na ukinijibu, anza na Mama, kama ulivyoanza.

Alya mwambie apunguze chumvi. Na yule paka wenu asilale kitandani.

Mama yako,
Nunu

Mie Auleria naongeza: kaka Muhsin, kurasa ni tano leo. Nimebonyeza mara mbili ili kuhakikisha. Kioo kimekuwa cheupe mara zote mbili.

*

Mtoni, Temeke
27 Juni 2025

Muhsin,

Wiki nzima. Sasa nimeelewa. Barua zangu kuna mtu anazificha. Za kwake zinafika na majibu anapata, za kwangu zinapotelea njiani, na zote zinapita kwenye mashine yako. Auleria kaziona zikienda kwa macho yake.

Muulize vizuri huyo mama'ako wa Bunju kama hana mtu wa kumfungulia humo ndani.

Nunu

*

Dodoma
29 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nimeipata hii ya tarehe ishirini na saba, na ile ya tarehe kumi na sita. Mbili tu. Hakuna nyingine. Mama wa Bunju hawezi kufungua chochote humo, hata simu yake anawashiwa na jirani.

Lakini umeniambia jambo na mimi ndiyo kazi yangu, nisipoliangalia nitakuwa najidanganya. Seva, ile kompyuta inayopokea barua zenu, niliiweka haraka haraka. Ikikataa kitu inakikataa kimya, haiandiki popote kwamba kuna mtu alikuja na kwa nini amerudishwa. Jana nimeirekebisha. Kuanzia sasa kila itakachokikataa itaandika siku, saa, nani alituma, na sababu. Vya nyuma siwezi kuvijua, vimeshapita. Kama kuna kitu kinapotea kuanzia sasa, nitakiona.

Mama wa Bunju anafika Jumamosi. Nimeshamtumia tiketi, siwezi kumrudisha. Ungesema neno moja, Mama. Ningekuja kukuchukua mwenyewe hapo Mtoni.

Muhsin

*

Mtoni, Temeke
6 Julai 2025

Mwanangu,

Leo sitaki kugombana, nimechoka. Jana Shamimu kapanda basi. Najua alivaa nini, Mwamvita kapita kuniambia bila kuulizwa. Buibui jipya, na mkoba wa kuazima. Nimelala nikiuona ule mkoba.

Unasema ningesema neno moja. Nilisema kurasa tano, Muhsin. Sasa nakuletea neno ambalo sijawahi kulisema hata kwa baba yako akiwa anakata roho, na yeye alikuwa analijua nusu. Auleria andika taratibu, usinitazame.

Siku zote nimekwambia Shamimu alikushindwa. Shuleni ulipoulizwa mama yako mzazi yuko wapi ukasema kanikataa, mie nilikuwepo, nimekushika mkono, nikanyamaza.

Hakukushindwa. Shamimu alipokuzaa alipata kifafa cha uzazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito. Wakamlaza hospitali wiki saba. Wewe nikakubeba mie, na kweli nilikubeba, hapo sijadanganya. Mie nilikuwa nimekaa kwa Marijani miaka kumi sina hata mimba ya kuharibika. Akaja binti, kaolewa mke wa pili, mwaka haujaisha, kazaa. Nilivyokuwa nakuosha nilikuwa nasema moyoni, asipone. Mungu anisamehe. Sikutaka afe. Nilitaka asipone.

Akapona. Akaja hapa Mtoni kwa miguu, kutoka kwa dada yake mtaa wa tatu. Akapiga hodi, akasema, "Bi Mkubwa, nimekuja kumchukua mwanangu." Nikamwambia kalala. Akakaa pale kwenye kibaraza. Adhuhuri ikamkuta, laasiri ikamkuta. Wewe umeamka, umenyonya chupa, umerusha miguu, nimekuzuia chumba cha ndani nikiimba ili usisikike. Kesho yake akaja. Kalala. Keshokutwa. Kalala. Siku saba, Muhsin. Siku ya nne kanga yake ilikuwa imelowa kifuani, maziwa hayajamkauka, kayalinda wiki saba hospitali anayakamua kwa mkono ili asije akarudi hana kitu. Nililiona. Nikafunga mlango taratibu, nisionekane nina haraka.

Siku ya saba nikamwendea baba yako nikamwambia mtoto kashanizoea, ukimtoa ataugua. Na yule mwenyewe bado mgonjwa, atamwangusha. Marijani alikuwa mtu wa kupenda amani. Akamjengea Shamimu kibanda Bunju, wakati huo Bunju pori tupu, hata njia ya gari hakuna. Akamwambia utamwona Idi kwa Idi. Ndo ukamwita Mama Mdogo. Jina hilo nilikufundisha mie, silabi kwa silabi, kabla hata hujajua kusema maji.

Umeelewa sasa kwa nini nikisikia unamwita Mama nasikia kama mtu kaingia ndani anahesabu vyombo vyangu? Anachokuja kuchukua huko Dodoma ni chake. Hapo ndo penye moto. Ningekuwa nina haki mie ningekuwa nimelala zamani.

Auleria analia. Auleria, futa machozi utalowesha daftari. Anasema halii. Analia.

Sikwambii haya ili umrudishe. Nakwambia ili usije ukamkalisha humo ndani kama mtu aliyekukataa. Ukae naye vizuri. Siku akiondoka, umbebee ule mkoba.

Halafu ukishasoma kama utataka kuniandikia tena, niandikie. Kama hutaki, nitajua kwa kimya chako, na kimya chako nimeshakizoea.

Nunu

Auleria: kurasa tisa. Nimebonyeza mara tatu, kioo cheupe mara tatu.

*

Dodoma
15 Julai 2025

Bi Mkubwa Nunu, shikamoo.

Siku zote namwambia Muhsin aniandikie, lakini haya ananiandikia jirani wa hapa, mama mmoja wa Kirangi, sitaki Muhsin ayajue.

Alya kajifungua tarehe tisa. Mtoto wa kiume, wanamwita Farhani. Wote wazima.

Nimefika siku kumi sasa. Muhsin ananiheshimu, ananiita Mama, lakini nikiingia sebuleni anainuka kama kaja mgeni. Sijui kukanda. Mie sikukandwa, arobaini yangu iliishia hospitali. Nikiweka kitambaa Alya anaruka, sijui ni maji au ni mkono. Nimefunga mkaja, umelegea kabla ya adhuhuri.

Wewe unajua. Niambie nifanyeje.

Shamimu

*

Mtoni, Temeke
18 Julai 2025

Shamimu,

Barua imefika. Yangu kwa Muhsin nadhani ilifika pia, na jibu lake ni hili, kwamba wewe uko ndani na mie niko nje.

Kukanda muulize aliyekuita.

Nunu

*

Dodoma
27 Julai 2025

Mama, shikamoo. Shikamoo mara ya pili, na ya tatu.

Mtoto kazaliwa, sikulala, sikufungua kompyuta yangu ya nyumbani siku ishirini. Jana usingizi umenikataa nikaenda kuangalia yale niliyoiambia seva iandike. Nakunakilia kama ilivyo, Auleria akusomee:

6 Julai, saa 10 na dakika 12 jioni. Imekataliwa. Sababu: mzigo umezidi kikomo. Ulioletwa: megabaiti 27. Unaoruhusiwa: megabaiti 4. Picha: 9. Mtumaji: Auleria, Temeke.

Halafu saa 10 na dakika 14, hivyo hivyo. Saa 10 na dakika 19, hivyo hivyo.

Ni mimi, Mama. Kikomo nilikiweka mimi. Kuna watu huko nje huirushia seva mafaili makubwa ili izidiwe, nikaiambia ikatae chochote kizito. Picha moja ya ukurasa mmoja inapita. Mbili hazipiti. Wala sikuiwekea maneno ya kumwambia mtumaji kwamba amekataliwa, ndiyo maana mliona kioo cheupe mkadhani imekwenda. Mama wa Bunju anaandika ukurasa mmoja. Wewe ukikasirika unaandika ukurasa mmoja. Kwa hiyo kwa miezi hii miwili mimi nimepata hasira zako peke yake.

Za kabla ya hapo sijui zilikuwa ngapi, seva haikuandika. Niambie wewe. Nimekaa nimeushika mguu wa kitanda cha mtoto nikijaribu kukumbuka nilichokujibu.

Seva inaandika uzito, Mama, haiandiki maneno. Najua ulisema kitu cha kurasa tisa tarehe sita, na kwamba Auleria alijaribu mara tatu. Kilichomo sikijui. Daftari si mnalo? Nitumieni, ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja peke yake. Kikomo nitakipandisha wiki hii, lakini siwezi kusubiri.

Jambo la pili. Nimeongea na Alya. Zimebaki siku za kutosha. Ukisema ndiyo, nakuja Jumatano mwenyewe kukuchukua, na Mama wa Bunju nitamshukuru nimrudishe kwake. Ataelewa. Alya anamwonea haya, na kukanda kwenyewe hakuendi. Nafasi ni yako, ilikuwa yako tangu mwanzo.

Sema tu.

Mwanao,
Muhsin

*

Mtoni, Temeke
28 Julai 2025

Mwanangu Muhsin,

Nimesikia. Nimefurahi mpaka nimeudhika. Nimemwambia Auleria atoe begi, halafu nimemwambia alirudishe.

Usije Jumatano. Kurasa tisa hizo si zako kwanza. Subiri. Na Shamimu asiondoke.

Mama yako,
Nunu

*

Mtoni, Temeke
29 Julai 2025

Kwa Shamimu, mke mwenzangu, huko Dodoma,

Barua hii inakuja vipande vipande, mashine ya mtoto wako haitaki mzigo. Kila ukurasa Auleria atautuma peke yake, atausubiri ufike, ndo atume mwingine. Nimemfanyisha kazi leo kaacha na chakula jikoni.

Kwanza kukanda. Uliniuliza siku ya saba nikakutolea ulimi, sasa nakujibu siku ya ishirini na moja, nawe unipokee hivyo hivyo nilivyochelewa. Maji usiyajaribu kwa vidole, vidole vya mpishi haviungui. Jaribu kwa kiwiko. Kitambaa ukikamue mpaka kisidondoshe, Alya anaruka kwa sababu ya matone, si kwa mkono wako. Anzia kiunoni nyuma, ushuke mapajani, tumbo liwe la mwisho na usilitie nguvu. Kama alishonwa, pale usipeleke kitu, muulize nesi. Mkaja unalegea kwa sababu unamfunga kasimama. Mlaze. Anyanyue kiuno, upitishe, avute pumzi aitoe, ndo ukaze. Uji wa pilipili manga asubuhi, usiwe mzito. Mafuta yangu nimempa dereva wa basi la alfajiri, chupa mbili, kayapokee stendi, yana jina lako. Yalikuwa na jina langu, Auleria kalifuta.

Ukimfunga ukaona anajikaza, zungumza naye. Muulize habari za Tanga. Mwili husikiliza.

Sasa la pili. Nyuma ya hii zinakuja kurasa tisa za tarehe sita. Niliziandika kwa Muhsin, hazikupita, na tangu juzi najiuliza kama nishukuru. Zisome ukiwa peke yako, huyo mama wa Kirangi asikusomee, mtafute mtu wa mbali asiyetujua. Zinasema zile siku saba za kibarazani. Zinasema nilichokuwa nafanya ndani wakati wewe uko nje. Wewe ulikuwa unajua nusu kama Marijani, au labda ulijua zote, sijawahi kukuuliza na wewe hujawahi kunitupia usoni, miaka thelathini na nne. Hilo nalo limenikera, ningekuwa mie ningelitangaza sokoni.

Muhsin anazitaka. Kaniomba kwa adabu. Nikimpa mie nitakuwa nimeomba msamaha kwake, na yeye si niliyemnyang'anya. Ni mali yako. Ukitaka azione, mpe. Ukitaka zikae kwako mpaka ufe, zikae. Akiniuliza nitamwambia muulize mama yako, na hilo neno mama nitalisema, usiniangalie ninavyolisema.

Kaniambia nikisema ndiyo anakurudisha Bunju. Nilitaka kusema ndiyo. Nisikufiche, nilishalisema, Auleria alikuwa kashaliandika, nikamwambia achane ukurasa. Usidhani nimekuwa mtu mwema. Leo asubuhi nimemfikiria huyo Farhani mkononi mwako, anakuzoea harufu, nikamwaga uji. Wivu ninao, ninao wa kutosha mtaa mzima, na hauniishi kwa kuwa nimesema kweli mara moja.

Lakini arobaini yako ya kwanza niliila mie. Hii hapa ni ya pili, kaa nayo. Zimebaki siku kumi na tisa. Usimpe mtu, hata nikikuandikia kesho kuzidai. Najijua, nitaandika, na nitaandika ukurasa mmoja ili ufike. Usiujibu.

Nunu
(kwa mkono wa Auleria)